Mnada wa Kwenye Intaneti: Hukumu Zake na Hadhari Zake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, watu wa pwani yetu ni wafanya biashara tangu zama za majahazi ya msimu. Wazee wetu walinunua kwa jicho na kwa mkono: tende zilionjwa, boriti iligongwa ikasikilizwa mlio wake, mbuzi alifunuliwa mdomo akatazamwa meno. Leo kijana aliyeketi barazani, awe Mombasa, au Lamu, au Unguja, hununua gari lililoko Japani na simu iliyoko Marekani kwa kubonyeza kidole, wala hajamwona mwenye mali wala mali yenyewe. Wako waliopata kheri kwa njia hii wakafungua maduka. Na wako walioteketeza akiba ya miaka mingi kwa usiku mmoja, wakabaki na picha ya gari ambalo halikupata kuwako.

Basi watu huuliza maswali mawili. La kwanza: Je, kununua na kuuza katika minada hii ni halali? La pili: Mtu atajilindaje asiibiwe? Wengi hudhani kuwa la kwanza ni la kuulizwa madrasani, na la pili ni la kuulizwa sokoni. Walakini mwenye kuyazingatia ataona kuwa jawabu lake ni moja. Yale masharti waliyoyaeleza maulamaa wetu katika mlango wa biashara, ambayo kijana huyaona mazito, ndiyo hayo hayo yanayoulinda mfuko wake. Anayeyaacha hupata mawili: hutia shaka katika chakula chake, na hupoteza mali yake. Na hili ndilo tutakalolibainisha katika somo hili, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu.

FASLU YA KWANZA: MNADA KATIKA SHARIA

Jua, ndugu yangu, ya kuwa mnada ni biashara inayofaa. Imepokewa kwa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, ya kuwa mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamuuliza nyumbani mwake mna nini, naye akaleta tandiko na kikombe. Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu 1. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, na mwingine akatoa dirhamu 2, akapewa yeye. Kisha Mtume akamwamuru yule mtu anunue chakula kwa dirhamu moja, na kwa ya pili anunue shoka akakate kuni. Na ijapokuwa wako waliosema juu ya isnadi yake, wanazuoni walio wengi wamekubali kuwa mnada ni halali.

Wala mnada hauingii katika lile katazo la mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye. Katazo hilo ni pale muuzaji na mnunuzi walipokwisha kuridhiana bei, kisha akaja wa tatu akawaharibia. Ama mnadani, bei haijasimama bado, na kila mmoja ameitwa aongeze.

Sasa utazame ule mnada wa tandiko na kikombe. Mali ililetwa ikaonekana. Mwenye mali alijulikana. Bei ilitajwa kwa sauti kila mtu akaisikia. Na kila aliyeongeza alitaka kununua kweli kweli. Mambo haya manne ndiyo nguzo. Mnada wa kwenye intaneti haukuharimishwa kwa kuwa ni wa intaneti. Unatazamwa katika nguzo hizi nne, ni ipi iliyosimama na ni ipi iliyoanguka, na iliyoanguka itainuliwaje.

FASLU YA PILI: MINADA HII ILIVYO

Mnada uliotangulia kupata sifa duniani ni ule ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwezi wa Septemba 1995, katika mji wa San Jose, Marekani, na tangu mwaka 1997 umeitwa eBay. Husimuliwa kuwa kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kitochi cha leza kilichovunjika, kikapata dola 14 na senti 83. Mwenye mnada alistaajabu, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama amefahamu kuwa kitu kile ni kibovu. Naye akajibu kuwa amefahamu, kwani yeye hukusanya vitochi vibovu. Tazama jambo hili: ila ilitajwa, mnunuzi akaijua, akairidhia. Biashara kama hiyo haina lawama, ingawa kitu chenyewe ni kibovu. Si ubovu unaoharibu biashara, bali ni kuuficha.

Na utaratibu wa mnada huo ni huu. Muuzaji hutia picha na maelezo ya mali yake, akaweka muda, mathalani siku 7. Mnunuzi haketi kuongeza bei kila saa. Huandika ukomo wake, yaani bei ya juu kabisa ambayo yuko radhi kuitoa, na ukomo huo hausomwi na wengine. Kisha mtambo humwongezea kidogo kidogo, kadiri ya kumpita mwenzake tu. Mfano: Zaidi ameandika ukomo wa dola 100 na Amri ameandika dola 60. Bei haitafika 100, bali itasimama kwenye dola 61, na mali ni ya Zaidi. Muda ukisha, mwenye bei ya juu amefungika kulipa.

FASLU YA TATU: KUPANDISHA BEI KWA HADAA

Katika Sharia yako mambo yaitwayo *najshi*, nayo ni mtu kuongeza bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili amhadae mwingine apate kutoa zaidi. Mtume (s.a.w.) amelikataza jambo hili, na maulamaa wote wamekubaliana kuwa ni haramu.

Katika soko la uso kwa uso, mwenye najshi huonekana. Watu humjua kuwa ni binamu wa muuzaji. Katika intaneti hana uso. Rudi kwenye mfano wetu. Lau muuzaji ana rafiki, au yeye mwenyewe amefungua akaunti ya pili kwa jina jingine, akaandika dola 99, basi Zaidi aliyekuwa alipe 61 atalipa 100. Dola 39 zimetoka mfukoni mwake kwa uwongo, wala hakusikia mlango ukifunguliwa. Hii ni mali iliyoliwa kwa batili, hata kama mlaji amevaa kanzu nyeupe na husali safu ya kwanza. Na wenye minada mikubwa nao wamelipiga marufuku, na anayegunduliwa hufungiwa akaunti yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika madhhab yetu ya Imamu Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa aliyehadaiwa kwa najshi hana khiari ya kurudisha, na biashara yake imepita. Dhambi ni ya yule mdanganyifu, lakini mnunuzi amekosa kwa kuacha kuuliza na kupeleleza. Hukumu hii watu huiona kali. Nayo ndani yake mna mafunzo makubwa. Sharia humwadhibu mwizi, lakini haikubali kuwa akili yako badala yako. Inakutaka uijue thamani ya kitu kabla hujafungua kinywa.

Basi kinga yake ni hii. Kabla ya kuingia mnadani, tazama vitu vya namna ile ile viliuzwa kwa kiasi gani, si vilivyotangazwa bali vilivyokwisha kuuzwa. Minada mingi huonyesha khabari hizo. Ongeza juu yake ujira wa kuletwa na ushuru wa forodha. Kisha uandike ukomo wako katika karatasi, uutie mara moja, na usiuguse tena. Asiyetoa zaidi ya thamani aliyoipima mwenyewe, najshi itamchokoza lakini haitamla. Ama anayeamka usiku wa manane katika dakika za mwisho, akaongeza kwa hasira ili asishindwe na mtu asiyemjua, huyo hanunui tena, bali anapigana. Na dalili za kushukiwa ni hizi: akaunti mpya isiyo na historia, ambayo kila siku huongeza bei katika mali ya muuzaji yule yule, na haishindi kamwe. Ukiona hivyo, toka.

FASLU YA NNE: MNUNUZI ASIYEONA NI KAMA KIPOFU

Katika kauli iliyo wazi zaidi katika madhhab yetu, haisihi kununua kitu maalumu kisichoonekana na wenye kufunga mkataba. Mathalani Zaidi amwambie Amri: nimekuuzia gari langu lililoko bandani, na Amri hajapata kuliona. Sababu yake ni *gharari*, yaani kutojua unachokipata. Je, picha ni kuona? Picha huonyesha upande aliouchagua mwenye kupiga. Haina harufu ya ukungu, haina mlio wa injini, wala haikugeuki ukaona mgongo wake. Tena picha hutengenezwa, na yaweza kuibwa kwa muuzaji mwingine kabisa. Kwa hivyo mnunuzi wa picha hesabu kuwa ni kipofu aliyeingia sokoni.

Na maulamaa wetu hawakumwacha kipofu afe na njaa. Walimwonyesha njia, na njia zile ndizo zetu leo.

Njia ya kwanza: amuwakilishe mwenye macho. Wakala akiona na kufunga mkataba, kuona kwake kwatosha, kwani kinachotazamwa ni kuona kwa yule afungaye mkataba. Hii ndiyo njia bora kwa kila kitu cha thamani kubwa.

Njia ya pili: anunue kitu cha kusifiwa, kisichokuwa hiki wala kile kwa dhati yake, bali kiwe katika dhimma ya muuzaji, na bei itangulizwe. Huu ni mlango wa *salamu*, nao wamfaa hata kipofu. Simu mpya iliyofungwa katika sanduku lake, yenye jina la kiwanda, namna yake, rangi yake na ukubwa wa hifadhi yake, yaweza kusifiwa hata isibaki shaka. Ikija kinyume cha sifa, si ile uliyoinunua.

Njia ya tatu: kauli ya pili ya Imamu Shafi, ya kuwa kununua kitu kilicho mbali kwasihi, na mnunuzi ana khiari aonapo. Na madhhab mengine yana wasaa katika jambo hili. Anayeifuata kauli hii aishike yote, asiishike nusu. Khiari ndiyo nusu yake ya pili. Basi usinunue kitu kilichotumika kwa picha ila kwa muuzaji aliyeandika kuwa hukubali kurudishiwa, au katika mnada wenye dhamana ya kumrudishia mnunuzi fedha zake pindi mali ikija kinyume cha maelezo. eBay, kwa mfano, ina dhamana hiyo, na mnunuzi hupewa muda wa siku 30 tangu kupokea ili apeleke mashtaka yake.

Na hapa ushike hukumu nyingine ya madhhab yetu: khiari ya kurudisha kwa sababu ya ila ni ya papo hapo. Aliyeiona ila akanyamaza, au akaendelea kukitumia kitu, khiari yake imeanguka. Kwa hivyo mzigo ukifika, ufungue siku ile ile mbele ya watu wawili, upige picha tangu kamba haijakatwa, uijaribu mali, na ukiona ila uandike khabari siku ile ile. Usiseme nitatazama baada ya Idi.

FASLU YA TANO: MAGARI YA JAPANI NA JICHO LA WAKALA

Mali kubwa wanayoinunua watu wa pwani kwa njia hii ni magari yaliyotumika kutoka Japani. Huko ziko nyumba za mnada, na iliyo kubwa kabisa ni USS, iliyoasisiwa mwaka 1980. Humo gari moja huuzwa katika sekunde chache. Lakini mlango wake haufunguliwi kwa kila mtu. Wanaonunua ni wafanya biashara walio wanachama. Kwa hivyo mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam hana budi apitie kwa mtu wa huko.

Swali la kwanza la kumuuliza mtu huyo ni hili: Wewe ni wakala wangu, au ni muuzaji? Akiwa wakala, fedha ni amana, ujira wake sharti ujulikane tangu mwanzo, na bei ya mnada ni haki yako kuiona katika hati. Akinunua kwa yeni 430,000 akakuambia yeni 500,000, ile 70,000 ni khiana, hata kama gari ni zuri na wewe umeridhika. Wala wakala hana ruhusa kuvuka ukomo uliomwekea. Ama akiwa ni muuzaji, apate faida aitakayo, si neno. Lakini sharti awe amekwisha kulinunua gari na kulikabidhi kabla ya kukuuzia, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na wadanganyifu wengi wako hapa hapa: huchukua picha za magari yaliyomo mnadani, wakayatangaza kana kwamba ni yao.

Swali la pili ni la karatasi ya mnada. Kabla ya gari kunadiwa, mkaguzi wa nyumba ile hulitazama, akaandika daraja yake na ila zake. Daraja ya 5 au 4.5 ni gari zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 lina alama za matumizi. 3 na chini yake lataka uangalifu. R au RA ni gari lililopata kugongwa mwili wake ukatengenezwa. Hali ya ndani huandikwa kwa herufi, A ikiwa bora na D ikiwa mbaya. Katika mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya kutengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Na namba 1 hadi 3 huonyesha ukubwa wa ila. Kwa watu wetu walio karibu na hewa ya chumvi, herufi S na C zitazamwe kuliko zote, kwani kutu iliyoanza kule huku hukua upesi.

Karatasi hii ni jicho la mtu asiye na faida katika bei. Walakini huandikwa kwa Kijapani, na muuzaji mwovu huifasiri atakavyo, au huifuta daraja, au huleta ya gari jingine. Basi itake nzima, ifasiriwe na mtu mwingine asiyekuwa muuzaji, na uilinganishe namba ya chesisi, na kilomita zilizoandikwa, na zile zilizo katika hati ya Japani ya kufuta usajili wa gari kwa ajili ya kupelekwa nje. Vikipishana, acha.

La tatu ni sheria ya nchi. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto, na gari lakaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Aliyenunua rahisi gari la miaka 9 hakununua gari, bali amenunua kesi bandarini. Na ujue bei uliyotajiwa ni ipi: ni ya gari likiwa bandarini kwao, au imeingia na ujira wa meli? Ushuru uuhesabu kabla, wala usiungojee bandarini ndipo uulize.

FASLU YA SITA: HADHARI KATIKA MALIPO

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika aya ndefu kabisa ya Kurani, kuandika deni na kushuhudisha watu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa watu wa mtaa mmoja, itakuwaje kwa watu ambao baina yao iko bahari? Basi yashike haya.

Kwanza, usitoke nje ya mnada. Muuzaji akikuambia: tumalizane pembeni, nitakupunguzia, basi ataka uvue ngao kabla ya kupigwa. Dhamana ya mnada huwafikia waliolipa ndani yake tu.

Pili, usiamini ujumbe unaokuja baada ya wewe kushindwa, ya kuwa aliyeshinda amejitoa na mali sasa ni yako, ulipe upesi. Ingia mwenyewe katika akaunti yako utazame. Usifuate njia iliyoandikwa katika ujumbe.

Tatu, soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Wezi hufanya tovuti yenye sura ile ile na jina linalopishana kwa herufi moja.

Nne, ikiwa umekwisha kuagana na muuzaji, kisha ikaja barua pepe ya kuwa akaunti ya benki imebadilika, usilipe. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo katika barua hiyo. Wengi wameibiwa hapa: mwizi huingia katika barua za watu wawili waaminifu, akangoja siku ya malipo, kisha akabadili namba moja tu. Na akaunti iwe ya jina la kampuni ile ile. Ukiambiwa ulipe kwa jina la mtu binafsi, simama.

Tano, namba yako ya siri asipewe mtu, wala aliyejiita mfanyakazi wa benki, wala wa kampuni ya simu.

Sita, bei iliyo rahisi kupita kiasi iogope. Hakuna mtu wa Japani anayekupenda hata akuuzie gari kwa nusu ya thamani yake. Alikuwako sahaba aliyekuwa akihadaiwa katika biashara zake, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aseme anunuapo kuwa pasiwe na hadaa. Maana yake ni kuwa mnyonge wa biashara si aibu kwake kuweka sharti. Basi nawe usione haya kuuliza, kutaka hati, na kungoja.

FASLU YA SABA: WAJIBU WA MUUZAJI

Huenda wewe si mnunuzi bali ni muuzaji. Basi yaliyo juu ya wenzako ni juu yako.

Uza unachokimiliki na kukikabidhi. Piga picha kitu chenyewe, usichukue picha ya kiwandani ukaiweka juu ya kitu chakavu. Itaje ila kabla hujaulizwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa mwenye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani akakuta maji. Akamuuliza kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake. Na alikataza kumfunga chuchu mnyama siku kadha ili mnunuzi aone kiwele kimejaa. Kuifuta mikwaruzo katika picha, na kuzirudisha nyuma kilomita za gari, ni kule kule kufunga chuchu; kilichobadilika ni mnyama.

Na muuzaji naye hujilinda. Usitoe mali kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo katika simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe uliokujia tu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, ujumbe wa uwongo umewatia wengi khasarani. Fungua akaunti yako mwenyewe, uhakikishe fedha zimeingia, ndipo ukabidhi. Na mtu akidai kuwa amekulipa zaidi kwa makosa, akakutaka umrudishie kilichozidi, usifanye haraka: huenda malipo yake ni ya uwongo, na urudishacho ni chako.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Muuzaji ataka nitangulize rubuni, na nikiacha haitarudi. Je, yafaa?
Jawabu: Katika madhhab yetu haifai, na Imamu Ahmad ameijuzisha. Iliyo salama ni rubuni inayohesabiwa katika bei ukinunua, na kurudishwa usiponunua. Na iandikwe.

Suala: Iko minada ambayo kila anayeongeza bei hulipa kidogo, ashinde asishinde.
Jawabu: Hiyo ni kamari iliyovaa joho la mnada. Wengi hulipa na mmoja hupata. Uliokuwa mashuhuri katika minada hiyo, ulioitwa Swoopo, ulianza Ujerumani mwaka 2005 kwa jina la Telebid, ukafunga mwaka 2011. Na kila wa mfano wake una hukumu ile ile.

Suala: Naweza kununua mnadani dhahabu, au sarafu za dhahabu?
Jawabu: Wanazuoni wa zama hizi walio wengi wamezihesabu fedha za karatasi kama dhahabu na fedha, na mabadilishano hayo yataka kukabidhiana papo kwa papo. Kulipa leo na kupokea baada ya wiki huingia katika riba ya kuchelewesha. Jiepushe nayo.

Suala: Mnada wamalizika saa ya sala ya Ijumaa.
Jawabu: Adhana ya pili ikisha adhiniwa mbele ya hatibu, kuuza na kununua ni haramu kwa yule iliyemlazimu Ijumaa. Utie ukomo wako tangu Alkhamisi, uiache simu nyumbani. Ikiwa ni riziki yako, itakungoja.

Suala: Nimeshinda mnada kisha nikaghairi. Je, ninyamaze tu?
Jawabu: Uliyaridhia masharti ulipoingia, na Muislamu ametakiwa kusimama penye masharti yake. Ukiwa na udhuru, mwandikie muuzaji umwombe akusamehe. Kunyamaza ni kumdhuru mtu aliyewaacha wanunuzi wengine kwa ajili yako.

KHATIMA

Ndugu zangu, hatukukusudia kuwafungia watu mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufungua. Biashara ni halali, na bahari haikuwazuia wazee wetu. Lakini wao walipotuma mali Maskati au Bombay, waliituma kwa mtu waliyemjua, kwa barua yenye mashahidi, na kwa bei waliyoipima. Jicho lao lilipokuwa halifiki, walituma jicho la mwaminifu. Nasi tukilipoteza jicho, hatuna budi kutafuta badala yake: wakala mwaminifu, au sifa zisizo na shaka, au khiari ya kurudisha iliyoandikwa. Panapokosekana yote matatu, usinunue, hata picha iwe nzuri namna gani. Kwani fedha zile huenda ni karo ya mwanao, au ni amana ya mama yako, nawe utaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atukinge na kula haki za watu na kuliwa haki zetu. Naye ndiye Mjuzi zaidi.